Kaseti ya Sega isiyo na lebo: usibandue hiyo stika

Mkuu, umesema umeokota Sega Mega Drive toleo la kwanza (ile mashine ya magemu ya zamani) kwenye mtumba pale Sabasaba, na kaseti yake ya gemu imeandikwa kwa kalamu tu, unataka kujua kama ni gemu ambalo halijawahi kutoka. Tulia kwanza, usiichomeke leo.

Ukiifungua kaseti ukakuta chipu zina stika juu usizibandue kabisa, maana chini yake huwa kuna kidirisha cha kioo, hizo ni EPROM, yaani chipu za kuhifadhi gemu zinazofutika kwa mwanga, na mwanga wa jua unazifuta taratibu, sasa kwa jua letu hili la Dodoma ukiisahau nje siku kadhaa umepoteza kitu ambacho pengine hakipo kwingine duniani. Inauma sana hiyo.

Vumbi usipulize kwa mdomo, mate yanaleta kutu. Chukua pamba ya masikio, chovya spiriti kidogo, pitisha kwenye yale meno ya kaseti mpaka pamba itoke nyeupe, acha ikauke.

Adapta ya umeme nayo cheki, mashine inataka volti 9 DC na hasi iwe katikati ya plagi, hizi za ruta nyingi chanya ndo iko katikati, utaunguza.

Halafu kabla hujacheza tafuta kifaa cha kusomea kaseti kwa USB uinakili yote. Gemu la Star Fox 2 lilikamilika miaka ya 90, wenyewe Nintendo wakalifungia mpaka 2017, kwa hiyo vitu hivi vipo kweli.

Weka picha ya bodi pande zote mbili tusome namba za chipu.