Monopoly ya Game Boy: cheza tu, mi ndo iliyonifundisha sheria

Mkuu umeuliza kama Monopoly, ule mchezo wa ubao wa kununua viwanja na kutoza kodi, toleo la Game Boy ya kwanza (kile kifaa cha Nintendo cha kuchezea gemu mkononi), inafaa kwa mtu aliye peke yake au bora usubiri mpate watu na ubao. Cheza tu, tena anza leo.

Skrini itakusumbua mwanzoni, sikufichi. Ni pikseli 160 kwa 144, vivuli vinne tu, sasa ubao wa nafasi 40 utausomaje wote hapo, kwa hiyo unapoteza hesabu ya nani ana nini. Ukishakariri nafasi inaisha hiyo shida.

Kilichonishika mimi ni sheria. Sisi nyumbani tulikua tunacheza ukifika kwenye kiwanja hukitaki unapita tu, na faini zote zinawekwa katikati anazoa atakayeangukia ile nafasi ya pa kuegesha bure (Free Parking). Sasa siku ya kwanza nakataa kununua, naona mnada umeanza hapohapo, nikajua kaseti mbovu hii, nikaizima nikawasha tena, mnada uleule. Nikaenda kutoa karatasi ya sheria kwenye boksi la ubao, nasoma, kumbe imeandikwa kabisa! Miaka yote tunacheza ya kwetu. Na zile hela za katikati hazipo popote kwenye sheria, ndo maana mechi zetu zilikua hazifi, mtu anakaribia kufilisika anaokota mzigo anafufuka.

Halafu ukicheza peke yako unapata utulivu wa kuangalia mambo, kwenye ubao na makelele yale huwezi. Mi nilikua nakimbilia vile viwanja vya bluu vya bei mbaya, naishia kukaa navyo havina mgeni. Vya rangi ya chungwa ndo vyenyewe aisee. Viko hatua 6, 8 na 9 kutoka jela, na jela watu wanaingia kila saa, kwa hiyo anayetoka kwa dadu mbili ana njia 14 kati ya 36 za kukuangukia kwa mpigo mmoja. Weka nyumba tatu kila kimoja, usikimbilie hoteli. St. James Place, kimoja cha hivyo vya chungwa, yenye nyumba mbili kodi ni dola 200, ukiongeza ya tatu inaruka 550, hakuna hatua nyingine inayopanda hivyo pale. Na nyumba za benki ni 32 tu, ukizishikilia mwenzako anabaki na viwanja vitupu.

Kitu pekee nilichokikosa ni kubembelezana. Mashine huwezi kuisoma usoni ukajua imebanwa na hela, na kwangu hiyo ni nusu ya utamu, kwa hiyo ubao usiutupe. Siku hizi tukikaa na ndugu zangu mnada upo, hela za katikati hakuna, na tunamaliza mechi usiku huohuo.

Ukisafiri nayo beba betri za akiba, zinaingia nne za AA.