Mechi tatu na laki tano: sababu iko wapi?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama adhabu wanazopewa wanamichezo wa kulipwa wanapovunja kanuni au sheria ni za haki. Kwangu mimi jibu ni hapana, na sisemi hivyo kwa kuwa ni kali au ni laini mno. Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi hatuambiwi zimefikiwaje.

Nianze na hapa nyumbani. Oktoba 2022, kwenye dabi ya Kariakoo, Clatous Chama wa Simba na Stephane Aziz Ki wa Yanga hawakusalimiana na wapinzani wao kabla ya mpira kuanza. Kila mmoja akafungiwa mechi tatu na kutozwa faini ya shilingi 500,000. Msimu huohuo Chama akamkanyaga mchezaji wa Ruvu Shooting, akafungiwa tena mechi tatu. Yaani kumkanyaga mwenzako uwanjani kumepimwa sawa na kutompa mkono! Huenda wajumbe wa Kamati ya Saa 72, ile inayotoa adhabu za ligi, walikuwa na hoja nzito. Lakini taarifa zinazotufikia sisi mashabiki huwa na mistari michache tu: namba ya mechi, jina, kosa, adhabu, halafu "kwa kuzingatia Kanuni" fulani "kuhusu Udhibiti kwa Wachezaji". Basi, imeisha hiyo.

Ulaya nako wanakosea, tena sana. Mwaka 2011 chama cha soka cha Uingereza kilimfungia Luis Suárez wa Liverpool mechi 8 kwa kumtolea Patrice Evra wa Manchester United maneno ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 2013 alipomng'ata Branislav Ivanovic wa Chelsea, alipewa mechi 10. Mimi ningezigeuza hizo hesabu. Ivanovic aling'atwa mkono, ila lile neno lilimfikia kila mtoto mweusi aliyekuwa mbele ya televisheni siku ile, hadi huku kwetu Mbagala. Hata hivyo, kwenye kesi ya Evra jopo liliandika kurasa 115 kueleza nani alisema nini, nani aliaminiwa na kwa nini. Ukitaka kubisha, una maandishi ya kubishana nayo.

Na ukitaka kukata rufaa, una pa kuanzia. Kiungo wa Juventus, Paul Pogba, alifungiwa miaka minne Februari 2024 kwa dawa zilizokatazwa. Akaenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ikakubali kwamba hakukusudia, na Oktoba mwaka huohuo adhabu ikashuka hadi miezi 18. Ni kweli alikuwa na pesa ya mawakili. Lakini wakili hodari kiasi gani atapangua hukumu isiyosema imejengwa juu ya nini?

Mpwa wangu anacheza madaraja ya chini, klabu nisingependa kuitaja. Alifungiwa na kutozwa faini kwa kumtolea mwamuzi lugha chafu. Hakukataa, maneno aliyatoa. Barua ilimfikia kama picha kwenye WhatsApp. Akaivuta kwa vidole, akaishusha mpaka chini kwenye muhuri, akarudi juu, akanipa simu: "Mjomba, mbona hawajaandika nilisema nini?" Nikasoma na mimi. Kweli hawakuandika. Faini ilizidi mshahara wake wa mwezi, na huo mshahara wenyewe klabu ilikuwa haijalipa tangu msimu uanze. Mwisho wa siku dada yangu alikopa kwenye kikoba chake ndipo ikalipwa. Aliyetukana ni mtoto, anayerejesha mkopo kila wiki ni mama anayeuza vitumbua. Mchezaji mwenye jina kubwa akitozwa laki tano, anaweza kuitoa bila hata kuuliza salio. Ndiyo maana naona kiwango kimoja kwa wote kinaonekana sawa kwenye karatasi tu.

Kuhusu wanaovunja sheria za nchi, wengi husema mahakama ikishamaliza, shirikisho likae kimya. Sikubaliani nao. Dereva wa daladala akimgonga mtu kwa uzembe, anahukumiwa na leseni anaweza kunyang'anywa, wala hatusemi kaonewa mara mbili. Eric Cantona wa Manchester United alipomrukia shabiki kwa teke Januari 1995, mahakama ilimpa kifungo cha wiki mbili, na kwenye rufaa kikabadilishwa kuwa saa 120 za kutumikia jamii. Shirikisho nalo likamfungia hadi mwisho wa Septemba. Mahakama ilishughulika na raia aliyepigwa, shirikisho likalinda uwanja. Naona ilikuwa sawa kabisa, na kila mtu alijua kwa nini.

Kwa hiyo naomba kwa dhati, kwa Bodi ya Ligi na kamati zote za mikoa: kila adhabu itolewe na maelezo yake, hata yakiwa mistari kumi. Mchezaji alifanya nini hasa, ushahidi ni upi, kosa kama hilo liliadhibiwaje mara ya mwisho, na kama safari hii ni tofauti, kwa nini. Faini ipangwe kwa sehemu ya mshahara, kwa kuwa mikataba ya wachezaji ipo kwenye shirikisho letu la soka, TFF, na viwango vinajulikana. Na pale ambapo klabu yenyewe inadaiwa mishahara na mchezaji, faini ikatwe kwenye deni hilo, isiende kutafutwa kwenye kikoba cha mama yake.