Mkojo msafi ni upi?

Swali: Mimi ni muuguzi katika zahanati moja hapa Tanga. Tunaandika bango la wagonjwa wa kupimwa mkojo. Kile kipimo cha kuchovya tukiite kijiti, utepe au stripu? Na tukimwambia mgonjwa "mkojo wako mchafu", tumekosea?

Jibu: Andikeni "kijiti". Najua ni plastiki, lakini msomaji ataelewa kinachochovywa. Utepe atakwenda kuutafuta kwa fundi cherehani. "Stripu" waachieni watu wa maabara, wameshaizoea na hawatakusikiliza.

Hilo la pili ndilo lililonikosesha usingizi. Mkojo msafi ni upi, dada yangu? Sisi watu wa pwani tunaambiwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, hata alifu kwa ujiti hatujaimaliza, kwamba mkojo ni najisi: ukikurukia kanzuni, unafua ndipo uswali. Na "chafu" ni ndugu wa "chafua", kwa hiyo masikio ya watu hutafuta nani kachafua. Mama wa Ngamiani akirudi na karatasi yake akasema "nimeambiwa mkojo mchafu", shoga yake anatazama pembeni, na mume anauliza uchafu huo kautoa wapi. Kaenda mgonjwa, karudi mshitakiwa.

Tena mchafu kwa lipi? Kitazameni kijiti chenyewe kikitoka chupani: vibandiko vimejipanga, kila kimoja na kazi yake. Unakichovya mara moja kwenye mkojo usiolala, unakipangusa ukingoni mwa kikopo, unakilaza ili rangi zisichuruzikiane, kisha unakilinganisha na rangi zilizochapwa ubavuni mwa chupa huku jicho liko kwenye saa. Kwa vijiti vingi sukari husomwa kwa sekunde 30, na chembe nyeupe za damu hungoja hadi dakika 2. Kazi yote hiyo ya makini, halafu majibu neno moja!

Kibandiko cha naitriti, kemikali inayotengenezwa na bakteria wengi, kikigeuka waridi, dalili ya bakteria: mchafu. Protini ikijitokeza kwa mjamzito, naye anapaswa kupimwa presha hapo hapo maana huenda kifafa cha mimba kiko njiani: mchafu. Damu ikionekana kwa mtoto anayeoga mtoni, achunguzwe kichocho: mchafu huyo huyo. Mjamzito aliyeambiwa hivyo atarudi nyumbani anywe madafu ajisafishe, na presha inapanda.

Na "msafi" nayo inadanganya vilevile. Naitriti hutaka mkojo uliokaa kibofuni kwa muda wa kama saa 4 hivi, na wapo bakteria wasioitengeneza kabisa. Kijiti kimenyamaza, mtu bado anaungua akikojoa, nanyi mmeshampa cheti cha usafi.

Kwa hiyo tajeni mlichokiona: mkojo una protini, una damu, una sukari, una dalili za maambukizi. Ni Kiswahili cha kawaida, hakimdhalilishi mtu, na daktari wa zamu ya jioni ataelewa pa kuanzia.

"Mkojo una wadudu" nitaivumilia, ingawa bakteria hana miguu wala mbawa. Angalau lawama imehamia kwa mdudu. Na "nina UTI" nimeacha kuigombea. Hata bibi wauza mchicha pale Mgandini wanaisema, na wanaitamka vizuri kuliko mimi.