Kabla ya Kuigawa Namba Kubwa, Uliza Imezaliwaje

Nikiwa kidato cha tatu nilikesha na daftari la hesabu nikiigawa namba moja: 4,294,967,297. Nilitaka kujua kama ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Nilianza na 3, nikaja 7, 11, 13, hadi 97. Mkono umechoka na chemli inaishiwa mafuta. Nikaandika chini yake: "Tasa." Nilikosea, na tangu nianze kufundisha twisheni naliona kosa lilelile kwa wanafunzi wangu. Wanakimbilia kugawa kabla ya kuitazama namba yenyewe.

Hata Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kwamba namba hii ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler akaonyesha kuwa ni 641 × 6,700,417.

Anza na vigawo vyepesi. Inaishia na 7, basi 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu zake ni 59, basi 3 haimo. Kwa 7, 11 na 13 usijichoshe kugawa mara tatu: kwa kuwa 7 × 11 × 13 = 1,001, ikate tarakimu tatu tatu kutoka kulia, kisha toa na kujumlisha kwa zamu. 297 − 967 + 294 − 4 = −380. Namba 380 haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo, kwa hiyo zote tatu zimeondoka kwa mstari mmoja. Mimi naipenda sana njia hii.

Ila kwa mwendo huo bado safari ni ndefu, maana 641 ni namba tasa ya 116. Hapo ndipo uulize imezaliwaje. Ni 2 kwa kipeo cha 32, ukaongeza 1. Euler alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Andika basi 65, 129, 193 na kuendelea, ufute zisizo tasa. Zinabaki 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano ndiyo yenyewe!

Kuhakiki hakuhitaji kikokotoo. 2 kwa kipeo cha 16 ni 65,536. Igawe kwa 641, inabaki 154. Kipeo cha 32 ni hicho cha 16 kikizidishwa kwa chenyewe, basi zidisha 154 kwa 154 upate 23,716, ugawe tena kwa 641: inabaki 640. Ongeza ile 1, inakuwa 641 kamili.

Juzi binti mmoja alizifanya hatua hizi ubaoni. Alipofika 640 alinyamaza, chaki mkononi, kisha akasema taratibu, "Mwalimu, imekwisha yote." Kisha akauliza: na 6,700,417 je, ni tasa? Nikamwambia kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, kwa hiyo hana haja ya kujaribu vigawo kupita hapo, na sharti la 64 bado lipo. Akafuta ubao, akaandika 641 juu kabisa, akaanza kuongeza 64.