Afisa ajira yuko upande wa nani?

Kazi yangu ni kuzitafutia kampuni watu wa kuajiri hapa Dar, na jamaa zangu hawachoki kuniuliza: "CV yangu uliiona? Mbona kimya?" Wengi wanadhani tunashinda tunasoma CV. Laiti ingekuwa hivyo.

Muda wangu mwingi unaishia kwa meneja mwenye nafasi. Anasema anataka mhasibu. Ukimbana, kumbe anataka mwenye CPA, yaani cheti cha juu cha uhasibu, anayeijua Tally, ile programu ya hesabu, barabara, anayeweza kukaa na watu wa kodi wa TRA wakija kukagua, tena mwenye uzoefu wa miaka 5. Mshahara alioutenga ni wa mtu aliyemaliza chuo juzi. Hapo tunavutana mpaka ashushe matakwa au apandishe bajeti. Wakati mwingine tangazo limeshatoka, maombi yamejaa, ndipo fedha zinasimamishwa. Wewe huambiwi kitu kwa sababu hata mimi naambiwa "subiri kidogo". Kimya cha namna hiyo hakina uhusiano wowote na uwezo wako.

CV yenyewe mara ya kwanza naipitia harakaharaka: kazi ya mwisho, tarehe, na kile kigezo ambacho meneja amegoma kukilegeza. Kwa huyo mhasibu, nikikuta namba ya usajili wa NBAA, bodi ya wahasibu, ukurasa wa kwanza, nimeshakuweka kwenye kundi la wanaoitwa usaili. Ukiificha ukurasa wa 4, chini ya orodha ya semina, huenda nisifike huko. Na faili lipe jina lako na nafasi unayoomba. "CV mpya final 2" ninazo tele.

Halafu ni simu, kutwa. Wadhamini mnaowaandika kwenye CV wameniangushia watu wazuri kweli: napiga, mzee anauliza, "Nani? Huyo alikuwa idara gani?" Mwambie mdhamini wako mapema, mtumie na tangazo lenyewe. Nami nikikuuliza mshahara unaoutaka, taja kiasi. Ukisema "chochote mtakachonipa" sina cha kumpelekea meneja.

Anayetulipa ni mwajiri. Hata mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala wa ajira asimtoze mtafuta kazi. Ukipigiwa simu ukaambiwa utume hela ya fomu au ya vipimo ndipo upangiwe usaili, usitume. Ifungie hiyo namba.