Marathoni kwa Mtu wa Pwani: Majibu kwa Wasomaji

Barua za mwezi huu zimetoka Lamu, Watamu na Malindi, na zote zinahusu mbio ndefu. Ninazijibu kama mwanariadha wa ridhaa anayeishi Malindi, ambaye kwa miaka kumi na mbili ameamka kabla ya jua ili akimbie kwanza ndipo aende kazini, na ambaye amemaliza marathoni tisa: tano Nairobi, mbili Lewa na mbili Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro. Mwenye maradhi ya moyo, kisukari au shinikizo la damu amwone daktari kabla ya kuufuata ushauri wangu.

SWALI: Assalaam alaikum. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 36, na ninaishi Langoni, Lamu. Kwa miezi minane nilifanya mazoezi katika ufuo wa Shela. Zoezi langu refu kuliko yote lilikuwa la kilomita 30, ambazo nilizimaliza kwa saa 2 na dakika 50 bila ya kuchoka sana. Nilipokwenda Nairobi kukimbia marathoni yangu ya kwanza, nilifika nusu ya njia kwa saa 1 na dakika 45, nikajiona niko vizuri mno. Kilomita ya 32 miguu ikakataa. Nikawa natembea, nakimbia kidogo, natembea tena, hadi nikamaliza kwa saa 4 na dakika 38. Wenzangu wa barazani wananiambia kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni, na kwamba marathoni ni ya watu wa Bonde la Ufa, si ya watu wa visiwani. Kosa langu lilikuwa nini, au ni kweli kwamba mwili wangu haukuumbwa kwa kazi hii?

JIBU: Waalaikum salaam, mwalimu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimerudi kwenye hesabu mbili ulizoziandika wewe mwenyewe bila ya kuzilinganisha. Kilomita 30 kwa saa 2 na dakika 50 ni wastani wa dakika 5 na sekunde 40 kwa kila kilomita, na huo ndio mwendo ambao mwili wako uliuzoea Shela. Nusu marathoni kwa saa 1 na dakika 45 ni wastani wa karibu dakika 5 kwa kilomita. Maana yake ni kwamba ulipanda mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako kila pumzi huingiza oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano, kisha ukaongeza kasi kwa sekunde 40 katika kila kilomita kuliko ulivyozoea nyumbani. Deni ulilodaiwa kwenye kilomita ya 32 ulilikopa katika saa ya kwanza.

Ni vyema uelewe deni hilo linavyofanya kazi. Mwili huhifadhi wanga katika misuli na katika ini, nao huitwa glaikojeni. Akiba ya mtu wa kawaida ni takribani kilokalori 2,000. Kukimbia kilomita moja hugharimu takribani kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtu wa kilo 65 anahitaji zaidi ya kilokalori 2,700 ili amalize kilomita 42.195. Kinachopungua hutolewa na mafuta ya mwilini, ambayo hata mtu mwembamba anayo tele, lakini mafuta huwaka polepole. Anayekwenda kwa mwendo wa kadiri huyatumia mafuta na wanga pamoja, na akiba yake humfikisha mbali. Anayezidisha kasi huula wanga kwa pupa, na baada ya kilomita ya 30 hujikuta na miguu ya mawe, kichwa kizito na hamu ya kuketi popote. Ubaya wake ni kwamba kosa hilo haliumi wakati linapotendeka. Wewe mwenyewe umesema kwamba ulijiona uko vizuri mno.

Ninaujua uzuri huo. Katika marathoni yangu ya kwanza Nairobi niliondoka nikiwa nimelala vizuri, hewa ya asubuhi ilikuwa baridi kwa mtu aliyezoea joto la Malindi, watu walikuwa wakipiga makofi kando ya barabara, na kila aliyenipita niliona kwamba ninaweza kumrudia. Niliwarudia wengi. Kwenye kilomita ya 34 niliketi kwenye ukingo wa barabara, na mama mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya duka lake akaniletea maji katika kikombe cha bati, akasimama nami mpaka niliponyanyuka. Nilimaliza kwa saa 4 na dakika 51. Mwaka uliofuata niliweka ahadi moja tu, kwamba katika kilomita kumi za kwanza nisimpite mtu yeyote. Lilikuwa jambo gumu kuliko kupanda mlima, kwa sababu hata wazee walionizidi miaka ishirini walinipita, nami nilijua kwamba ningeweza kwenda nao. Kuanzia kilomita ya 28 nikaanza kuwakuta mmoja mmoja, wengine wakitembea na mikono kiunoni. Muda wangu ulikuwa saa 4 na dakika 19, na mazoezi yangu ya mwaka huo hayakuzidi ya mwaka uliotangulia.

Hata mabingwa wakubwa wamekimbia hivyo. Marehemu Kelvin Kiptum alipokimbia Chicago tarehe 8 Oktoba 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, nusu ya kwanza ilimchukua dakika 60 na sekunde 48, na nusu ya pili dakika 59 na sekunde 47. Miezi michache kabla ya hapo, huko London, alikuwa amefanya vilevile, dakika 61 na sekunde 40 kisha dakika 59 na sekunde 45. Wengi hukumbuka jinsi alivyowaacha wenzake mwishoni, lakini mimi hupenda zaidi kuitazama ile nusu ya kwanza, ambamo kijana mwenye uwezo wa namna ile alikubali kungoja.

Kwa hiyo, mwalimu, ukirudi Nairobi anza kwa dakika 5 na sekunde 50 kwa kilomita. Kimo cha mji kitakunyang'anya kitu, na ubaridi wake utakurudishia sehemu. Ukiushika mwendo huo mpaka mwisho, utamaliza kwa saa 4 na dakika 6 hivi, yaani nusu saa na zaidi kabla ya muda wako wa kwanza, ingawa utakuwa umefika nusu ya njia ukiwa nyuma ya ulipokuwa mara ile.

Jambo la pili ni mchanga. Ufuo wa Shela, wenye takribani kilomita 12, ni neema, lakini lazima ufuate maji. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hupwa sana, ila hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, wakati jua limekwisha kuwa kali. Kwa hiyo uliweke zoezi lako refu siku tatu au nne kabla ya bamvua, ambapo maji hupwa mapema zaidi na mchanga mgumu hupatikana ukiwa bado kwenye ubaridi. Kwa kuwa ufuo umeinama upande wa baharini, mguu mmoja hukanyaga chini zaidi ya mwingine, hivyo urudi kwa njia uliyoendea ili mzigo ugawanyike. Nairobi, hata hivyo, utakimbia juu ya lami, na lami hupiga misuli ya mapaja kwa namna ambayo mchanga haukufundishi. Mara mbili kwa mwezi vuka uende Mokowe, upande wa bara, pamoja na mwenzako, mkimbie kwenye barabara kuu. Sisi wa Malindi tuna bahati zaidi kwa jambo hilo, kwa sababu kwenda Gede na kurudi ni takribani kilomita 30, zote za lami.

Ama kuhusu maneno ya barazani, ni kweli kwamba mabingwa wengi wa nchi yetu wametoka Bonde la Ufa, na Iten, mji wanakofanyia mazoezi wengi wao, uko takribani mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Lakini wewe hukwenda Nairobi kushindana nao. Mtu aliyekimbia kilomita 30 kwenye mchanga na bado akawa na nguvu ana mwili unaoiweza kazi hii.

SWALI: Ninafanya kazi hotelini Watamu. Katika nusu marathoni yangu ya pili nilikunywa maji kwenye kila kituo hata pale nisipokuwa na kiu, kwa sababu niliambiwa kwamba nikingoja kiu nitakuwa nimechelewa. Nilipomaliza vidole vilikuwa vimevimba, kichwa kinauma na nikatapika. Inawezekanaje kuishiwa na maji ilhali nilikunywa sana?

JIBU: Kaka yangu, dalili ulizozitaja huelekea zaidi kwenye maji kuzidi kuliko kupungua. Jasho hutoa maji na chumvi. Ukirudisha maji matupu kupita kiasi, chumvi iliyomo katika damu huzimuliwa, na hali hiyo ikizidi huweza kuufanya ubongo uvimbe na hata kuua. Watafiti waliowapima wakimbiaji 488 waliomaliza marathoni ya Boston mwaka 2002 walikuta asilimia 13 yao wakiwa na upungufu wa chumvi katika damu, na waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ni wale walioongezeka uzito wakati wa mbio, maana yake walikunywa zaidi ya walivyotoka jasho. Ikikutokea tena, nenda hospitali siku hiyohiyo, na uwaambie kwamba ulikunywa maji mengi, ili wasije wakakuongezea mengine kwa kudhani kwamba umekaukiwa.

Jipime uzito kabla na baada ya kukimbia saa moja, bila ya kunywa chochote katikati. Kila kilo moja iliyopungua ni takribani lita moja ya jasho, na hapo utaujua mwili wako badala ya kufuata kauli za jumla. Wakati wa mashindano kunywa kwa kadiri ya kiu. Madafu ninayapenda, nami huyanywa baada ya mazoezi, lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na chumvi inayotoka kwenye jasho zaidi ni sodiamu. Kwa hiyo madafu peke yake hayatoshi. Kwa mazoezi ya zaidi ya saa mbili katika msimu wa kaskazi, mimi hubeba lita moja ya maji yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya sukari, vya kusawazisha, ambayo ni kanuni ileile ya kuwanywesha wanaoharisha. Pamoja nayo hufunga tende kwenye kitambaa. Mwili huweza kupokea gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na tende ndogo moja ina gramu 5 hivi, kwa hiyo tende nane kwa saa, zilizotafunwa moja moja, zinatosha. Anza kuzila kabla ya njaa.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, hapa Malindi. Ninakimbia alfajiri nikiwa na suruali pana, kanzu fupi na mtandio. Joto linanisumbua, na maneno ya majirani yananisumbua zaidi. Ninataka kukimbia kilomita 21. Je, nivae nini, na nianzeje?

JIBU: Dada yangu, chagua kitambaa chepesi kisichoshika maji, kwa sababu pamba ikilowa jasho huwa nzito na huchubua mapaja na kwapa. Mtandio uwe mfupi, ubanwe vizuri, na uuloweshe maji kabla ya kuondoka. Maji yale yakikauka hukupoza. Pale ngozi inapochubuka, paka mafuta mazito. Anza kwa kukimbia dakika nne na kutembea dakika moja, na usione haya kutembea ilhali bado una nguvu, kwa sababu ndiyo maana ya kutembea mapema. Kwa miezi minne au mitano ya mazoezi ya siku nne kwa wiki, kilomita 21 zitafikika.

Kuhusu majirani, sina dawa ya haraka. Ninachoweza kukuambia ni kwamba Sifan Hassan aliposhinda marathoni ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, alipanda kuchukua dhahabu yake akiwa amevaa hijabu, na kwamba marathoni ya Boston haikuwaruhusu wanawake rasmi mpaka mwaka 1972. Binti yangu alianza kukimbia nami akiwa na miaka kumi na minne, na maneno tuliyasikia. Tafuta mwanamke mwingine mmoja wa kukimbia naye. Wawili husikia machache kuliko mmoja, na ni salama zaidi wakati wa giza.

SWALI: Shikamoo, mzee. Nina miaka 22, niko Shela. Ramadhani iliyopita niliendelea na mazoezi yangu yote kama kawaida, nikaumwa kwa wiki mbili. Nifanye nini mwaka ujao?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Punguza mpaka nusu, na uyapunguze tangu siku ya kwanza, usingoje mwili ukulazimishe. Kimbia dakika 30 au 40 kwa utulivu kabla ya magharibi, ili futari ikukute umemaliza, au utoke baada ya tarawehe kama daku yako huwa ya mwisho kabisa. Mazoezi ya kasi yaache. Ukihisi kizunguzungu, ngozi ikasisimka kwa baridi ilhali kuna joto, au mawazo yakavurugika, simama, ingia kivulini na ujimwagie maji. Mambo ya kufungua na kulipa siku muulize shehe wako, kwa kuwa mimi si mtu wa kuyatolea hukumu.

Kwa miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, wakati wa kaskazi na wa joto kali, na ndipo penye mbio za Kilimanjaro pia, mwishoni mwa Februari. Ninajua kwamba unazitamani. Mwaka ujao ziache, nawe baada ya Idi ujipe wiki mbili za mwendo mwepesi na wiki kumi na mbili za mazoezi kamili. Hapo utakuwa umefika Juni au Julai, kusi inavuma na asubuhi za Shela zimepoa, na ndipo uniandikie tuchague marathoni pamoja.