Khanga za bibi yako: kata, ila si zote

Dodoma, Novemba

Mama,

Mbukwa. Sisi wazima, vumbi tu ndilo linalotutesa. Mvua bado, ila mbuyu wa kwa jirani umeshachipua majani, kwa hiyo kifuku hakiko mbali. Mama yako anasema uvae soksi.

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti mpaka mwisho. Unasema akina mama wa hapo Whitby, Uingereza, wamekukaribisha kwenye kikundi chao cha kushona, kila mmoja anashona kwilti yake, yaani shuka nzito la viraka lenye matabaka matatu, nawe ulipofungua sanduku ukakutana na khanga za marehemu bibi. Unauliza: ukizikata viraka utakuwa umemkosea? Na kama hapana, uanzie wapi? Nakujibu kwa maandishi kwa sababu vipimo vikisemwa kwa mdomo husahaulika.

Kata. Ila si zote.

Ile doti ambayo haijakatwa bado, pande zake mbili zimeshikana, iache. Bibi aliiweka akiba, na nguo ya akiba hurithiwa nzima. Kuna siku utaihitaji kwa harusi au kwa msiba, na misiba ya huku haikupi muda wa kupita dukani. Ile yenye picha ya Mwenge iache pia, hiyo naitaka mimi. Zilizobaki zimevaliwa zikachoka. Ile ya "Wema hauozi" aliyokubebea mgongoni imelika pale ilipokuwa ikipita begani, ukiinyanyua juani unaona mpaka upande wa pili. Hapa kwetu hewa kavu, nguo hukaa sandukuni miaka na isipate hata doa. Huko uliko, jua linazama kabla ya saa kumi jioni, upepo wa bahari una chumvi na madirisha yanatoka jasho ndani. Khanga kuukuu ukiifungia kabatini itaota ukungu, halafu itachanika kwenye mikunjo. Ukifanya hivyo hujaitunza, umeizika.

Na bibi yako mwenyewe hakuwa mtu wa kuionea khanga haya. Ikiwa mpya, ya kutokea. Ikipauka, ya nyumbani. Baadaye ikawa mbeleko, ikawa nepi, ikawa ngata ya kubebea ndoo, ikaishia kufutia masizi ya sufuria. Aliichana kwa meno, akavuta kwa mikono miwili, kwisha. Mabaki ya cherehani yangu aliyabeba kwenye mfuko wa rambo hadi Kongwa, akayashonea juu ya blanketi lililotoboka, na ndilo alilojifunika Juni na Julai upepo wa kule ulipokuwa ukivuma. Watu wa mjini walilicheka lile blanketi. Mimi nilikuwa nikiitazama ile mishono yake ya mkono, mifupi, imelingana, kuliko ya mafundi wengi ninaokaa nao barazani hapa Majengo.

Uliniambia mwenzako alikuonyesha picha za kwilti za Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani Weusi kule Alabama. Nimemwomba mdogo wako anitafutie kwenye simu. Yupo mama mmoja, Missouri Pettway, aliyefiwa na mumewe, na mwaka 1942 akachukua nguo za kazi za marehemu akazishona kwilti ya kujifunikia. Basi hilo swali lako limeshajibiwa na mjane zamani. Mimi kilichonishika ni kitu cha kifundi. Kwenye kwilti za nguo za kazi, suruali imepauka yote isipokuwa pale palipokuwa na mfuko. Mfuko ukibanduliwa, kitambaa cha chini kimebaki na rangi yake ya kwanza, kibuluu kilichokoza chenye umbo la mfuko. Rangi ile huwezi kuinunua. Kwa hiyo khanga ya bibi ikiwa na doa la ndizi au alama ya fundo la kiunoni, usiikwepe unapokata.

Sasa kazi.

Anza kwa kufua, hata kama zinaonekana safi. Vitenge vipya utakavyochanganya vina wanga mwingi wa dukani, na pamba husinyaa. Ukishona kabla ya kufua, kiraka kimoja kitavuta vingine na kwilti nzima itakunjamana. Nyekundu na nyeusi zifue peke yake. Watu watakwambia uloweke kwenye chumvi ili rangi ishike. Nimeyasikia hayo tangu nikiwa mwanafunzi wa cherehani, na sijaona chumvi ikizuia nguo kuchuja. Suuza mpaka maji yawe meupe, kisha chukua kitambaa cheupe kibichi ukisugulie juu. Kikitoka na wekundu, bado. Wekundu ukikataa kabisa kuisha, hicho kitenge usikiweke kwenye kwilti hata kama kinapendeza.

Pili, hakikisha ni pamba. Vitenge vingi vinavyouzwa siku hizi ni poliesta, na kwa macho tu hata mimi hudanganyika. Chomoa nyuzi mbili tatu ukingoni, zishike kwa kibanio, ziwashe juu ya sinki. Pamba inanuka karatasi inayoungua na inaacha majivu laini. Poliesta inajikunja, inayeyuka, ikipoa inabaki kijidonge kigumu. Hiyo poliesta usiichanganye, maana pasi ya moto inayonyoosha pamba itaiunguza.

Tatu, usiamini mistari ya khanga. Pindo hupigwa chapa bila kufuata uzi, kwa hiyo ukikata kwa kufuata pindo, kiraka kitakuwa kimekaa mshazari na kitanyumbuka. Fanya kama bibi: toboa ukingoni kwa mkasi, kisha chana. Kitambaa cha pamba kikichanwa hufuata uzi wake chenyewe. Ukishapata upande mmoja ulionyooka, hapo ndipo uweke rula na chaki.

Kata miraba ya inchi 6. Sisi mafundi wa nguo tumezoea kuacha nusu inchi ya mshono, nguo ikibana unaiachia. Kwilti haiachiwi mtu, kwa hiyo acha robo inchi kama wanavyofanya wenzako, na kila mraba utabaki inchi 5 na nusu. Lakini hiyo robo iwe robo. Ukizidisha unywele mmoja tu, tuseme sehemu moja ya kumi na sita ya inchi kila upande, mstari wa viraka 12 utapungua inchi moja na nusu, na mstari wa pili ukiwa sawa, haviungani. Bandika kipande cha plasta kwenye bamba la cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano, uwe unaupitishia ukingo wa kitambaa hapo. Piga pasi kila mshono kabla hujaenda kwenye unaofuata. Hapo ndipo wanafunzi wangu wote wanapofanya uvivu, na kazi yao inaonekana toka mbali.

Majina usiyakate vipande vipande. Likate jina zima, pamoja na kisanduku chake kama lina kisanduku, uliweke upande wa chini kwenye bitana, lisomwe na aliyejifunika. Mapindo yaliyo mazima yachane marefu, yawe fremu ya kuzunguka pande nne. Ndiyo kazi yake hata kwenye khanga yenyewe.

Tatizo la khanga na vitenge ni kelele. Kila kimoja kinapiga ngoma yake, ukivipanga vyote pamoja jicho halipumziki. Ndiyo maana nataka utumie kaniki. Bibi yako alilimia kaniki maisha yake yote, na kwenye kwilti ile rangi nyeusi tupu ukiipitisha kati ya mistari ya viraka, khanga zitaonekana kila moja kwa uzuri wake. Onyo: kaniki inachuja kuliko nguo yoyote ninayoijua. Nitaifua hapa mimi, kwenye jua hili, mpaka ichoke, ndipo nikutumie.

Kuhusu cha kujazia, ulisema mama yako mdogo anataka kukutumia sufi. Usikubali. Sufi ni nzuri kwenye mto, lakini haina nyuzi za kushikana. Inapenya kwenye matundu ya khanga, na ikilowa inajikusanya madonge. Huko wanauza pamba iliyotandazwa tayari. Lakini mimi ningeenda kwenye maduka ya mitumba ya hisani, nikatafuta blanketi kuukuu la sufu ya kondoo. Lifue kwanza kwa maji ya moto lisinyae lote linalotaka kusinyaa. Blanketi kuukuu ndani ya kwilti ni utaratibu wa zamani hata hapo Uingereza, Wales hasa, na ndivyo alivyofanya bibi bila kufundishwa na mtu.

Tandaza bitana sakafuni uso chini, blanketi juu yake, viraka juu kabisa, uso juu. Piga bandi kwa uzi mrefu kuanzia katikati kwenda kingoni, kama miale ya jua. Ukianzia kingoni utasukuma ulegevu wote katikati na hautatoka. Kisha ndipo ushone mishono inayopita matabaka yote matatu. Usiruke zaidi ya upana wa kiganja bila mshono. Mishono hiyo siyo urembo, ndiyo inayozuia blanketi lisitembee ndani ukifua. Ukitaka urembo, waombe wale bibi wa kikundini wakuonyeshe kwilti za kaskazini mwa nchi yao, za Durham na Northumberland, zile za kitambaa kimoja kisicho na viraka ambazo nakshi yote ni mishono: manyoya, misuko, mawaridi. Kazi ya mkono ile. Ukijifunza msuko mmoja tu ukaupitisha juu ya kaniki kwa uzi mweupe, utakuwa umewashinda kwa kitu chao wenyewe.

Mambo ya kutembea nao Jumapili, endelea nayo. Nimefurahi kusikia mnapanda zile ngazi 199 kwenda kanisani juu, na kwamba mnatembea ufukweni maji yakitoka, mnaokota yale mawe meusi wanayoyaita jet. Ajabu yake ni kwamba ni mti uliogeuka, na malkia Victoria alipofiwa na mumewe mwaka 1861 alijipamba nayo kwa maombolezo. Ukiokota, lisugue nyuma ya kigae kisichopakwa rangi ya kung'aa. Likiacha alama ya kahawia ndilo lenyewe, likiacha nyeusi ni makaa ya mawe. Hilo nimelisoma, kwani sisi bahari yetu ni bwawa la Hombolo, na mama yako akienda kule harudi na jiwe, anarudi na perege. Ila muulizeni mtu ratiba ya maji kabla ya kuteremka. Bahari hiyo si ya Bagamoyo.

Ukipata jet ndogo iliyotoboka, usiishone kwenye kwilti. Itakata uzi.

Shangazi yako anasafiri tarehe ishirini, atapanda treni ya SGR mpaka Dar halafu ndege. Ana nafasi ya kilo tatu kwenye begi. Nitampa kaniki, bobini mbili za uzi mweupe wa pamba, na mabaki ya vitenge niliyoyachagua, yote yameshafuliwa. Bitana sijakata, kwa sababu hukuniambia ukubwa wa kitanda. Pima godoro, urefu, upana na unene wake, ongeza inchi 12 kila upande wa kuning'inia, halafu niandikie kwa inchi, siyo kwa sentimita.

Baba yako